Wati Hamsini na Tano

Saa tisa usiku natoka Newala,
trei arobaini za mayai nyuma, zimefungwa kwa mipira,
na ukungu umelala juu ya lami
kama maziwa ya mtu aliyejikwaa.
Karina yangu ina macho ya bibi yangu:
yapo, yanawaka, hayaoni.

Tandahimba niliipita kwa kukumbuka.
Hapa shimo. Hapa tuta. Hapa mkorosho
uliotoa mkono barabarani.

Kona kabla ya Nanyamba lori likanijia,
tupu, limetoka kushusha korosho bandarini,
bodi linagonga kama masufuria ya harusi,
na taa zake nyeupe, nyeupe ya kuchinja.
Sikuona njia. Sikuona mikono yangu kwenye usukani.
Trei sita zilikufa pale,
nami nusura niwe ya saba.

Basi nikaapa: mwenye taa kali ndiye mwenye barabara.
Nikanunua globu za wati mia
kwa kijana wa kibanda, Mtwara mjini,
aliyesema, "Mama, hizi zinaamsha kuku."
Nikacheka. Mimi na kuku ni biashara moja.

Fundi Nantembo wa Chikongola hakucheka.
Aliliweka boksi juu ya tairi bovu
kama mtu anayemtua nge.
Akachomoa soketi ya kushoto, akaniwekea kiganjani:
plastiki kahawia, imejikunja,
ukoko wa wali uliosahaulika.
"Waya huu ulizaliwa kubeba hamsini na tano," akasema.
"Ukiutwika mia hautalalamika.
Utanyamaza, utanyamaza,
halafu utasema kwa moshi,
na siku hiyo utakuwa mbali na watu."

Akafungua hasi ya betri.
Akatoa globu mbili mpya, wati zilezile,
mbili, ingawa iliyoungua ni moja:
"Hizi pacha. Mmoja akifa, mwenzake anafunga mizigo."
Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama:
"Nipe pindo la kanga."
Kioo hakuruhusu kidole kikiguse, hata chake.
"Unanawa, unanawa, mafuta yapo.
Kioo kikipata moto
kinapasukia palepale ulipokishika."

Nikadhani tumemaliza. Akaleta msasa,
maji kwenye kopo, dawa ya meno ya wanawe,
akaanza kusugua uso wa taa.
Manjano ya miaka kumi na mitatu ikatiririka
kama uji wa ulezi kwenye bampa.
Nami nimesimama, kanga imelowa,
naona kumbe kile nilichokiita usiku
sehemu yake ilikuwa uchafu wangu.

Magharibi tukasimamisha gari mbele ya ukuta wa ghala.
"Mayai yako wapi?"
"Nimeuza."
"Basi pakia watoto."
Wakaingia saba, wanapigana viwiko,
mmoja kashika kandambili mdomoni.
Gari likakaa matako, pua ikapanda,
na mwanga ukaruka juu ya chaki aliyochora
ukaenda kumulika popo.
"Unaona? Ukibeba mzigo unawapofusha wenzako,
halafu unamtukana dereva wa lori."
Akazungusha skrubu. Mwanga ukashuka
polepole, ukatua kwenye mstari.
Watoto hawakutaka kushuka.

Globu za wati mia nilimrudishia kijana.
Alinipa nusu ya pesa, na neno lisiloandikika.

Wiki iliyofuata, ukungu uleule, kona ileile.
Lori. Nikainamisha taa mapema,
kama mkwe anayepishana na mkwewe.
Lenyewe halikuinamisha. Moja. Mbili. Tatu.
Sikulitazama. Nilishika ukingo wa kushoto,
mstari mweupe uliokuwa ukitoka kwenye taa zangu
kama uzi kwenye sindano,
na juu ya mstari huo, ghafla,
visigino viwili vikavu,
baiskeli, gunia, mtu anayesukuma.
Nikakanyaga breki. Akainua mkono bila kugeuka.

Mtwara nilifika na trei arobaini.
Yai moja lilikuwa na ufa.
Hilo nililikaanga mwenyewe.