Mapafu ya Kuazima

Mnunuzi amefika kutoka Linz na kioo kidogo cha mpini,
kama cha daktari wa meno,
amelala chali nyuma ya Tatra, kwenye injini,
koti la sufu juu ya saruji yenye grisi.
Hatazami rangi. Hatazami viti vyekundu
alivyokalia mkurugenzi wa kiwanda miaka tisa,
mapazia yamefungwa.
Anatafuta namba.

"Hizi si zake," anasema kutoka chini.
Najua si zake.
Ni kabureta mbili za Lada;
baba alizipata kwa nusu nguruwe na redio,
Februari ya themanini na saba.
Nguo ya kuazima haistiri matako, alimcheka jirani Vavřinec.
Baba akamjibu: hili matakoni lina injini.

Bwana Feichtinger anafuta kioo kwa leso.
Anataja bei mbili:
moja likiwa hivi lilivyo,
nyingine likirudishiwa mapafu yake ya kuzaliwa.
Baina ya bei hizo mbili
pana paa jipya la nyumba hii.

Ya kale ni dhahabu:
wasemao hivyo hawajayasukuma mlimani.
Mama ameyasukuma. Barabara ya Štramberk, theluji magotini,
mimba ya Radovan miezi tisa kasoro siku,
baba kwenye usukani, kwa kuwa mama hakujua kuendesha
na mmoja lazima asukume.
Zile kabureta halisi, zenye mhuri wa kiwanda,
zilivuja petroli kama kamasi za mtoto.
Silinda nane, kimya kama kanisa Jumatatu.
Ndugu yangu alizaliwa kwenye kiti cha mkurugenzi.
Doa lipo bado, chini ya blanketi.
Kesho yake baba alishika spana.

Nimezishusha za zamani kutoka darini:
ndani ya gazeti, ndani ya soksi, ndani ya mkebe wa biskuti.
Jioni za wiki tatu nimezichemsha, nimezisugua,
nimepuliza kila kitundu kwa mdomo
hadi ulimi ukafa ganzi.
Boya moja lilikuwa limetoboka, nikalitia lehemu.

Leo asubuhi nimeliwasha.
Limekohoa, limetikisika, limeshika,
na mama akatoka jikoni na kisu cha viazi mkononi.
Nilidhani atalaani.
Akasimama ndani ya moshi, akiusikiliza
mngurumo ule unaochechemea kidogo, unaojikwaa, unaoinuka.
"Ndivyo alivyokuwa akirudi," akasema.
"Nilimsikia tangu darajani."
Kisha: "Fungeni mlango, mnanukisha nyumba."

Feichtinger amelipa kwa noti ambazo hazijawahi kukunjwa.
Hakuuliza kilichotolewa.

Kilichotolewa kipo hapa, juu ya benchi.
Za Lada ni za Lada, zipo maelfu.
Lakini lile bamba la katikati,
lililozikutanisha na injini isiyozijua,
baba alilikata kwa msumeno wa mkono
kutoka kifuniko cha pampu ya zimamoto.
Alama za tupa zimelala upande mmoja,
upande wa mtu wa mkono wa kushoto.
Tundu moja alilikosea, akaliziba, akatoboa jingine pembeni.
Kwa ndani ameandika kwa msumari
tarehe, na maneno mawili: kwa muda.

Miaka thelathini na minne.
Halina namba. Hakuna kitabu cha vipuri kinacholitaja.

Nimempigia Radovan aje alichukue.
Anasema dukani kwake ni simu tupu, hana pa kuliweka.
Basi nimelilaza sakafuni,
linazuia mlango wa karakana
usibamizwe na upepo.