Mbofyo wa Kwanza

Hombolo, mwezi wa nane, mavuno ya zabibu.
Katika ofisi ya ushirika feni inahamisha vumbi
toka pembe hii kwenda ile,
na Mama Sechelela ananiita kwa kidole:
"Mtaalamu, njoo umwone mwizi wako."

Mwizi ni mstari wa Mzee Chilongani.
Kreti kumi na nne zilipita mizani asubuhi;
kwenye kioo zimekuwa ishirini na nane.
Mwenyewe yupo dirishani, kofia mkononi,
hajui acheke au aogope.
"Shamba langu," anasema, "halijawahi kunipenda hivi."

Nikaketi, nikasoma nilichokiandika mwenyewe
Nkuhungu, usiku, umeme ukikatika na kurudi:
mbofyo mmoja, ingiza mzigo;
mibofyo miwili, fungua daftari la mkulima.
Karatasini ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Ila kipanya hakiwezi kusema "miwili" kwa pumzi moja.
Husema mmoja. Halafu ndipo husema miwili.
Na ule wa kwanza haujui kama una mwenzake njiani.
Mzee aliomba tu kuliona daftari lake,
Mama akabofya, akabofya,
na programu yangu, mtumishi mwenye kiherehere,
ikaandika kumi na nne nyingine
kabla kidole hakijashuka mara ya pili.

Nikaitia subira: ngoja nusu sekunde.
Wa pili akija, mfute wa kwanza.
Asipokuja, endelea na kazi.
Kwa vidole vyangu ilikwenda kama maji.

Kidole cha Mama Sechelela kiliwahi kuumwa na mkasi wa kupogolea.
Kinashuka, kinafikiri, kinapanda, kinashuka.
Mibofyo yake miwili ikasomeka mmoja, na mmoja.
Arobaini na mbili.
Nikaongeza subira ikawa sekunde nzima;
sasa kila mguso unaburuta miguu,
foleni inanung'unika,
nyuki wameshazigundua kreti.

Nilipokuwa chuo, na mama yangu Kibakwe,
tulikuwa na lugha isiyolipiwa:
kubip mara moja, *nipigie, kuna jambo*;
mara mbili, *nimefika salama*.
Usiku mmoja ikaja moja.
Nilikaa na simu kiganjani mpaka jogoo,
nisijue nimeshika shida
au nusu ya salama.
(Mtandao ulikuwa umeanguka. Yeye alikuwa amelala fofofo.)

Nilimsimulia Mama Sechelela nikiwa nafuta mistari.
Hakunionea huruma hata kidogo.
"Kwani kwenu hodi ya kwanza hufungua mlango?" akauliza.
"Hodi ya kwanza humwinua mwenye nyumba,
ajifunge khanga, asogeze kigoda.
Ya pili ikifika, yuko mlangoni.
Isipofika, amepoteza nini? Amesimama tu."

Nikanyamaza. Kisha nikaing'oa saa yote niliyoipandikiza.
Mbofyo wa kwanza: paka mstari rangi ya buluu, basi.
Wa pili: fungua daftari.
Na mzigo nikauwekea kitufe chake, kule pembeni,
*Thibitisha*, kinene, kisichoguswa kwa bahati mbaya.
Hakuna tena wa kumsubiri mwenzake,
hakuna wa kufutwa kwa kosa la kutangulia.
Programu ikapungua mistari thelathini na moja.

Mama akabofya. Buluu.
Akakohoa, akarekebisha miwani,
akabofya tena alipotaka.
Kumi na nne.
Mzee Chilongani akatia sahihi, akachungulia kioo:
"Na zile nyingine ndiyo basi?"

Jioni, Nkuhungu, umeme umekatika.
Simu ikalia mara moja, ikanyamaza.
Mama ana dakika za bure siku hizi, lakini bado anabip.
Sikuhesabu.
Nikainuka, nikapapasa kandambili gizani.