Gunia Tupu

Uru, juu ya Moshi. Darasa la sita.
Dodoso lilitungwa katika nchi ya theluji;
ile yetu, leo, ukungu umeifunika.
Kazi yangu kulivika Kiswahili,
siku tatu, posho ya chakula na nauli.

"Nyumbani kwenu kuna vitabu vingapi?"
Aikaruwa akainua kalamu, hakuandika.
"Daftari la maziwa la mama linahesabika?
Lita, madeni, siku ng'ombe alipopandwa.
Mimi ndiye humsomea."
Profesa, mtu mpole, akafunua mwongozo: hapana.
Nikaweka sifuri.

Mwalimu Ndelilio alisimama mlangoni, chaki juu ya sikio.
Hakubisha. Aliuliza tu:
"Karani wa kahawa pale chamani
kabla ya mzigo hupima gunia tupu.
Nyinyi, gunia lenu lina kilo ngapi?"

Nilitafsiri nusu.
Gunia nikaliacha kwenye Kiswahili.

Usiku, gesti ya Majengo, naingiza takwimu,
nchi kumi na nne, safu kwa safu,
mpaka kwa Aikaruwa.
Chumba cha pili redio inakohoa.
Kidole kiko juu ya sifuri.
Bado sijabonyeza.