Aliyeshika Kalamu

Jumapili ya leo zamu ya kusoma somo ni yangu.
Kanisa letu la Mbokomu limeezekwa upya,
bati jekundu, zawadi ya Mwenyekiti,
naye yuko benchi la mbele, suti ya kijivu,
bahasha ya sadaka ikichungulia mfukoni
kama mtoto anayetaka aonekane.

Somo ni lile la mfalme na shamba la jirani.
Mfalme ana majumba, ana farasi,
lakini amelala amegeukia ukuta, chakula kinapoa,
kisa mizabibu ya mtu mmoja
aliyesema: hili ni la baba zangu, siliuzi.

Kwetu hakuna mizabibu.
Kuna kihamba: migomba, kahawa kivulini mwake,
ng'ombe mmoja zizini, na babu amezikwa
kati ya mashina mawili ya mshare.
Hicho ndicho alichokuwa nacho Ndelilio,
hatua sitini kwa arobaini, juu tu ya mfongo,
mahali ambapo asubuhi mlima ukijifunua
unauona wote, na theluji yake iliyobaki
kama chumvi pembeni mwa sahani.
"Watalii wangelala hapa," alisema Mwenyekiti.
Ndelilio akaendelea kukatakata majani ya ng'ombe.

Nasoma. Sauti yangu iko sawa.
Nafika pale malkia anapoandika barua
kwa jina la mumewe, anazipiga muhuri,
na hapo herufi zinaanza kunitazama mimi.

Nimekaa ofisini miaka ishirini na mmoja.
Malkia haandiki. Malkia husema tu.
Kuna mtu alichonga kalamu,
akauliza, "Tuweke tarehe ya lini, mama?"
akapuliza wino ukauke,
kisha akaenda kwake kula.
Maandiko hayamtaji.
Nabii alipokuja, hasira ya Mungu mdomoni,
alimkuta mfalme shambani akipima kwa hatua,
akamtajia mbwa, akamtajia damu.
Kwa mwandishi hakupita.

Nilikuwa karani wa baraza.
Mashahidi walikuwa wawili, kama kule.
Mmoja alilipwa kreti ya bia,
mwingine kilo kumi za sukari;
najua, maana risiti ninayo.
Waliapa kwamba masale ya mpakani yamehamishwa,
kwamba Ndelilio aliyang'oa usiku kwa mikono yake.
Nikaandika: shahidi wa pili anathibitisha.
Muhuri ulikuwa umekauka.
Niliupumulia ukalainika,
nikaugonga.

Hatukumpiga mtu mawe. Sisi ni watu wa utaratibu.
Ndelilio alishuka Moshi mjini, akapanda, akashuka,
njoo kesho, njoo Jumatatu, jalada halionekani,
mpaka masika yale kifua kikambana.
Jalada lilikuwa kwangu, kabatini,
chini ya mashuka ya wageni.

"Hili ndilo neno la Bwana," namaliza.
Watu wanaitikia.
Mwenyekiti anaitikia kwa sauti kuliko wote.
Hakuna radi. Bati jipya tu,
linatanuka juani, linalia ko, ko.

Mchana mke wangu ananiuliza, "Umekata isale?"
Anajua naelekea Pasua, kwa Aikaruwa,
binti wa Ndelilio, aliyepanga chumba kimoja
na kuuza ndizi za watu wengine Mbuyuni.
Isale ukiletewa, likiwa na fundo lake,
mila haikupi nafasi: utasamehe.

Ndiyo maana sikulikata.
Baba yake nilimfunga mdomo; yatosha.
Kwapani nina jalada,
kurasa thelathini na nne, mwandiko wangu,
na risiti ya sukari imebanwa kwa pini.
Nitapiga hodi.
Akinifukuza, ana haki.
Akitaka kusoma, nitamshikia taa.