Tundu la Mfuniko

Theluji imefunga njia ya kiwandani,
nami, Malkhazi mchomelea vyuma,
nimekaa sakafuni jikoni, hapa Zestaponi,
miguu nimeitawanya kama mtoto wa pili.

Tekle ana mwaka na miezi minane.
Mbele yake trei ya mayai, tupu,
na maharage mekundu, konzi moja.

Harage moja, shimo moja.
Kidole gumba kinamtafuta mwenzake,
kinamkosa, kinamkosa tena,
harage linateleza hadi chini ya jiko
naye ananikazia macho
kana kwamba ni mimi niliyelisukuma.
Simwokotei.
(Mwongo mimi. Nimemwokotea mara mbili.)
Nayahesabu yakirudi, maana mdomo wake
nao ni shimo, na hauna subira.

Kisha vibanio vya nguo, vya mbao.
Navibana ukingoni, duara zima,
sufuria ikaota miale.
Anavuta kimoja kwa mikono yote miwili,
kinaachia, anaanguka kitako,
anacheka mpaka kwikwi.

Haya alikuwa akiyajua Nanuli.
Nanuli yuko Bari, ng'ambo ya bahari,
anamtunza mzee wa watu.
Kila asubuhi humfunga vifungo vya shati,
sita, kutoka chini kwenda juu,
kwa kuwa vidole vya mzee vimesahau.
Kwa vifungo hivyo sita
sisi huku tunanunua kuni.

Vifungo vyetu vimo koponi,
kopo la kahawa, mfuniko wa plastiki
niliouchana kwa kisu tundu jembamba.
Tekle anakishika kimoja kwa ncha za vidole,
anakigeuza, kimelala,
anakigeuza, kimesimama,
tundu likakimeza. Ting!
Na mimi niliyeunga mihimili ya tanuri
nikapiga makofi kama mwehu.

Jioni simu inalia. Uso wa Nanuli
unakatikakatika kiooni.
"Mwonyeshe mama," namwambia.
Tekle anarudi koponi, anachakura,
anachagua kile cha buluu
kilichodondoka kwenye koti siku ya safari,
anakileta kwenye simu,
anatafuta tundu.
Analitafuta pembeni, chini, pale pa kuchajia,
anasukuma kwa kidole gumba,
polepole, ulimi nje,

na Nanuli, kule upande wa pili,
amekinga kiganja.