Pembe ya Nne

Kutandika kitanda nilifundishwa Jinja, kambini,
wiki ileile niliyofundishwa Kiswahili:
Simama. Nyamaza. Kunja. Nyoosha.
Koplo Odongkara alipima mkunjo kwa rula ya mbao;
ukizidi kidole kimoja
blanketi lilipita dirishani
nawe ukalifuata kwa mlangoni, mbio.

Miaka ishirini na minane nilitandika hivyo.
Hata usingizini nililala wima.

Lakini duveti si blanketi.
Duveti haijui amri.

Kyarisiima aliileta kutoka mivumba ya Ijumaa,
elfu thelathini na tano, baada ya kuondoka mara mbili
na kuitwa mara mbili.
Alisema: Kabale hii inakula mifupa, mzee,
na mifupa yako ishatumika.
Foronya yake ina maua ya buluu
ambayo hayamei popote ninapopajua.

Sasa yuko Mbarara. Ninsiima amejifungua,
wa kiume, kilo tatu na robo,
na bibi hawezi kurudi kabla kitovu hakijaanguka,
kisha kikaanguka, na bado hajarudi.
Wiki ya tatu.
Foronya imeanza kunuka mtu mmoja.

Kutandua si kazi. Hata mtoto anatandua.
Nimeichuna duveti kama mbuzi wa sikukuu,
nikaichukua foronya safi, iliyokunjwa na yeye,
ina harufu ya sabuni ya mche na ya sanduku,
nikaanza.

Pembe ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia.
Nilipoifuata ya tatu, ya kwanza ilikuwa imetoka
inanitazama.
Ni kama kumvisha kondoo shati:
ukipata mguu unapoteza shingo.
Nimekunguta, nimesukuma, nimetukana kwa Kikiga,
kisha kwa Kiswahili, maana kwa kutukana
Kiswahili cha kambini hakina mpinzani.

Mwishowe nikaingia mwenyewe.
Kichwa, mabega, mikono yote miwili,
sajini mstaafu ndani ya mfuko wa maua,
na mlango wa mbele uko wazi, majirani wanapita.

Humo ndani mlikuwa kimya.
Ukungu wa Kigongi ulikuwa umeanza kuinuka
na mwanga ukapenya, maua nikayaona kwa mgongo.
Na pale pembeni, vidoleni mwangu, kitu:
kamba nyembamba ya kitambaa, imeshonwa kwa mkono.
Kijani kilichopauka. Pindo la mfuko.
Nikalijua kabla sijakubali kulijua:
shati langu la Gulu,
lile nililoambiwa limeliwa na panya,
nami nikawashukuru panya.

Pembe ya pili, kamba. Ya tatu, kamba.
Kila moja na kitanzi chake kwenye duveti,
zinasubiri kufungwa, kumbe ndivyo inavyokaa,
kumbe haikai yenyewe.

Pembe ya nne, upande wangu, ina nyuzi tupu.
Imeng'oka.
Nani mwingine? Ni mimi, usiku, nikivuta.
Na imeng'oka mara nyingi: nimehesabu matundu
ya sindano, rangi nne za uzi,
kila mara kaishona, kila mara hakusema.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia
hujui kunguni wake.
Nami hiki nimekilalia miaka thelathini
na sikujua kamba zake.

Nimeketi ukingoni na sindano ya vifungo.
Kamba sina. Nimekata lasi ya buti.

Saa sita akapiga simu. Umekula?
Nimekula. Mtoto?
Analia kama koplo.
Nikataka kumwambia. Nikamwuliza bei ya viazi.

Duveti imelala, ina kilima katikati;
Odongkara angeitupa mpaka Rwanda.
Foronya chafu imo beseni,
na jua la Kabale
halina haraka na nguo ya mtu.