Ukungu Mweupe

Baba anapiga simu saa kumi alfajiri,
saa ya kugeuza mchele.
"Theluji imefika dirishani," anasema,
kisha kimya. Namsikia akipumua
ndani ya kile chumba cha mierezi chenye joto la kwapa,
mikono ikivunja mabonge ya koji, ikitandaza, ikivunja.
Haulizi habari za afya.
Anauliza: "Wa kwako umeota?"

Wa kwangu ni wa kwako, Baba.
Niliuiba mwaka juzi, kijiko kimoja
katika bahasha ya salamu za mwaka mpya,
nikauleta Sendai kwa treni, nimeupakata
kama mgonjwa.

Kwanza niliuvua ukuta.
Huo ndio ugumu wa ukungu: kila seli imejijengea boma.
Nikaliyeyusha boma kwa vimeng'enya, saa tatu nzima,
hadi seli zikabaki uchi, mviringo, zikitetemeka.
Tone moja la maji matupu lingezipasua.
Ndipo nikapenyeza mkasi
na pamoja na mkasi kijikaratasi cha anwani,
herufi ishirini tu:
nenda hapa, kata hapa, kwa jirani usibishe hodi.

Anwani niliyoandika ni ya rangi.
Si kwamba rangi ina kosa.
Ila ukitaka kujua kama mkasi una makali
kata kitu ambacho jicho litakikosa.
Chembe zako ni kijani cha chai iliyosagwa.
Zangu zingetoka nyeupe.

Hazikutoka.
Zilikuja kijani, na kijani, na kijani chenye mabaka,
maana kila chembe ina viini vingi
na ukikinyamazisha kimoja, wenzake husema.
Bi Kuramochi wa meza ya pili alicheka:
"Humshawishi mtu mmoja, binti. Unashawishi mkutano."
Subira huvuta heri; yangu ilivuta bakteria,
mara mbili. Nikamwaga. Nikapanda, nikachagua, nikapanda,
sahani mia nne na kumi na mbili,
hadi Jumanne moja ya mvua
pembezoni mwa sahani, doa,
kama mtu aliyedondosha unga akaenda zake.

Nilipokueleza hukusifu.
Ulisema babu yako aliwahi kuona doa kama hilo
majira ya baridi ya mwaka wa njaa,
trei moja kati ya mia, limejizukia lenyewe.
Akalichota kwa unyoya, akalilea miaka mitatu.
"Halafu likarudi kijani. Halikusema sababu."
Ukakohoa. "Lako linasema?"

Linasema kidogo.
Linasema, hapa ndipo rangi ilipokaa.
Halisemi lolote juu ya yule binamu yake wa mashambani,
mwenye sumu ya kuozesha ini,
aliyefanana naye karibu herufi kwa herufi:
wapi waliachana njia?
Au ni sisi, kwa kulisha na kuchagua, kulisha na kuchagua,
tuliomsahaulisha huyu kuua?
Hiyo ndiyo anwani ninayotaka kuandika.

Lakini jana ilikuwa Ijumaa, na kanuni ni kanuni:
kilichokatwa hakivuki mlango.
Hakitafika Yokote, hakitakolea supu ya mtu.
Nikatia sahani zote kwenye mfuko mwekundu,
mfuko kwenye jungu la mvuke,
nikakaza komeo. Digrii mia moja ishirini na moja.

Mvuke ulipofunguliwa, korido nzima
ilinukia kuri, zile njugu za mlimani
ulizotuchomea chini ya jivu mama alipolazwa.
Mlinzi, Bwana Itagaki, akasimama na tochi yake:
"Nani anapika usiku huu?"

Nilitazama ukutani.

Ndiyo, Baba. Uliota.
Rudi kwenye mchele, unapoa.